Posta ya Shilingi Elfu Kumi

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, stetasi za WhatsApp za wakazi wa Dar es Salaam hujaa hilali za dhahabu, taa za kuning'inia na maneno ya kutakiana funga njema, na chini ya kila picha pameandikwa jina la duka la vipodozi la Sinza, fundi cherehani wa Mbagala au muuza mabati wa Tegeta. Iddi ikiingia, picha hubadilika. Saba Saba hubadilika tena, na Desemba kila kitu huwa chekundu na kijani. Wenye maduka wengi hawazitengenezi wenyewe. Wanaozitengeneza ni watu ambao wana kazi nyingine: mwalimu wa sekondari, karani wa stoo, mwanafunzi wa chuo, mlinzi wa zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mchanga. Kwao hiki ni kipato cha pembeni kilicho karibu na mkono, kwa sababu kitendea kazi, yaani simu, tayari wanacho.

Je, kazi hii inalipa? Jibu langu ni kwamba inalipa, ila fedha yake haipo pale ambapo wengi wanaitafuta. Anayeanza huamini kwamba anauza picha, na picha yenyewe imeshuka bei hadi kukaribia bure. Kilichobaki na thamani ni kazi inayoizunguka picha: kuijua bidhaa, kuipiga picha ikaonekana ilivyo, kumshawishi mwenye duka ataje bei, na kuhakikisha tangazo linatoka kila wiki hata yeye akiwa amesahau. Anayefanya hayo hulipwa mwezi hadi mwezi. Anayeuza picha peke yake huchoka kabla mwaka haujaisha.

Wateja hawajawahi kuwa tatizo. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2012 uliikuta Tanzania ina biashara ndogo zaidi ya milioni 3, na zaidi ya nusu yake zilimilikiwa na wanawake. Kenya, Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilihesabu mwaka 2016 biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Biashara za namna hii hazina idara ya masoko wala mkataba na kampuni ya matangazo. Tangazo la redio liko juu ya uwezo wa wenye biashara hizo, na bango la barabarani hawalifikirii kabisa.

Kilichobadilisha mambo ni simu. WhatsApp ilianzisha stetasi za picha zinazodumu saa 24 mnamo Februari 2017, na Januari 2018 ikatoa programu yake ya biashara, yenye majibu ya kujituma yenyewe, ambayo baadaye iliongezewa katalogi ya bidhaa. Instagram ilikuwapo tangu 2010. Muuza mashuka wa Kariakoo ambaye zamani alimsubiri mteja apite mtaani alianza kuuza Mwanza, Mbeya na Lubumbashi bila mteja kulishika shuka. Maneno "tunatuma mikoani" yakawa sehemu ya kila tangazo. Mteja ambaye hawezi kugusa kitu hununua kwa kukiona, na hapo ndipo picha ilipopata kazi ambayo haikuwa nayo.

Kabla ya hapo ufundi huu ulikuwa mikononi mwa wachapaji. Ukitaka kadi au kipeperushi ulikwenda kwa kijana wa Kariakoo, au wa River Road kule Nairobi, aliyekuwa na kompyuta yenye CorelDRAW au Photoshop. CorelDRAW ilitoka mwaka 1989, Photoshop mwaka 1990, na zote mbili zinahitaji mafunzo ya miezi na mashine yenye nguvu. Mwaka 2013 Waaustralia watatu, Melanie Perkins, Cliff Obrecht na Cameron Adams, walizindua Canva, ambayo mtu hufungua, huchagua kiolezo kilichokwisha kupangwa, hubadilisha maneno na kumaliza. Kwenye simu za Android, PixelLab ikawa chuo cha vijana wengi waliojifunza kupanga maneno juu ya picha bila kugusa kompyuta. Mlango ulifunguka, na ninafurahi kwamba ulifunguka. Lakini mlango uliofunguka kwako umefunguka pia kwa jirani yako, na kwa mwenye duka mwenyewe. Ndiyo maana unaweza kukutana na kiolezo kilekile cha Ramadhani kwenye maduka matatu ya mtaa mmoja, kilichobadilika ni jina tu.

Sasa tupige hesabu, maana watu wengi huingia kwenye kazi hii bila kuipiga. Tuseme unatoza shilingi 10,000 kwa posta moja. Mteja anakuandikia saa mbili usiku kwamba anataka "katangazo kadogo". Unamuuliza anauza nini, anakujibu kesho yake. Anatuma picha yenye ukungu, unaomba nyingine, anatuma iliyokwisha kuandikwa jina la duka la mtu mwingine. Unatengeneza kwa saa moja na nusu. Anasema imependeza sana, ila ubadilishe rangi. Unabadilisha. Anasema amemwonyesha mume wake, naye anashauri namba ya simu iwe kubwa. Kisha anakumbuka kwamba ana bidhaa mbili nyingine za kuongeza. Ukijumlisha mazungumzo, kusubiri, kutengeneza na kurekebisha, posta hiyo imekula kama saa 4. Umelipwa shilingi 2,500 kwa saa, kabla ya bando na makato ya kutoa fedha kwenye simu.

Chukua bei hiyohiyo ya 10,000 lakini ibadilishe iwe makubaliano ya mwezi: posta 12 kwa 120,000. Mazungumzo ya kumjua mteja unayafanya mara moja. Rangi, fonti na mahali pa nembo mnakubaliana mara moja. Asubuhi moja unakwenda dukani kupiga picha za mwezi mzima. Posta moja sasa inachukua kama dakika 45, kwa hiyo 12 ni saa 9, na ukiongeza saa 3 za kwenda dukani na kukubaliana maneno unapata saa 12. Ni shilingi 10,000 kwa saa, mara nne ya mwanzo, na bei ya posta haikupanda hata senti. Wateja wanne wa namna hiyo ni shilingi 480,000 kwa saa 48 za mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, baada ya kupandishwa Julai 2025 kutoka 370,000, ni 500,000. Anayetaka kuzipata 480,000 hizo kwa kuokoteza posta mojamoja atahitaji posta 48 na saa 192, na hiyo ni sawa na ajira kamili ya saa 45 kwa wiki. Haiwezi tena kuitwa kazi ya pembeni.

Hesabu hii ina sharti gumu, nalo ni kumpata mwenye duka anayekubali kulipa kila mwezi, na akikubali, aendelee. Wengi hukubali mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wakapunguza, wa tatu wakanyamaza. Wabunifu husema wateja wa Kiswahili hawathamini kazi. Mimi naona sababu kubwa ni nyingine: tangazo halikuleta mteja, na mwenye duka anaona fedha inatoka bila kurudi. Kabla ya kumlaumu, tuitazame kazi yenyewe.

Chukua posta ya kawaida ya muuza viatu vya mtumba wa soko la Karume. Juu kuna jina la duka kwa herufi za mkunjo zenye kivuli cha dhahabu. Katikati viatu tisa vimebanana, vingine vimekatwa pembezoni vibaya hadi kisigino kimeliwa. Chini kuna namba tatu za simu, alama za mitandao minne, maneno "Tunauza viatu orijino vya kike na vya kiume kwa jumla na rejareja", na mwisho "Karibuni sana". Hakuna bei. Hakuna saizi. Anayetaka kufika ameambiwa "Karume", kana kwamba Karume ni kibanda kimoja. Sasa ifungue posta hiyo kwenye simu ndogo, ndani ya daladala, jua linapiga kioo. Mtazamaji ana sekunde mbili kabla kidole hakijasukuma kwenda picha inayofuata, na katika sekunde mbili hizo hakuna kitu hata kimoja alichokiona vizuri.

Itengeneze upya. Kiatu kimoja cheusi kimepigwa picha kwa ubavu, juu ya manila nyeupe. Saizi 40 hadi 43. Shilingi 35,000. Kibanda cha tatu kutoka kwa mama wa chai. Namba moja ya simu, ileile ya WhatsApp, na Lipa Namba yenye jina la duka ili mtu wa mkoani asiogope kutuma fedha. Basi. Kesho kiatu kingine. Utaona pia kwamba vile viatu tisa vilivyobanana kwenye posta moja vilikuwa kazi ya wiki mbili au tatu, na mbunifu aliitupa yote kwa shilingi elfu kumi. Makubaliano ya mwezi yanaanzia hapa, kwa kumwonyesha mwenye duka kwamba ana mambo ya kusema kila siku, tena anayo tayari kwenye rafu.

Suala la bei linastahili kukaliwa kidogo, maana ndilo ugomvi mkubwa wa mitandao yetu. "Bei njoo DM" inawaudhi wanunuzi hadi imekuwa kero, lakini wauzaji wana sababu zao, na mbunifu asiyezijua hawezi kuwashawishi. Muuza nguo anaogopa mshindani wa duka la pili ataiona bei na kushusha kwa shilingi elfu. Anajua pia kwamba mteja wa jumla na wa rejareja hawapati bei moja, na kwamba mteja akiuliza ameanza mazungumzo, na mazungumzo ndipo yeye anapouzia. Kuna ambaye mzigo wake unategemea dola, bei ya wiki hii si ya wiki ijayo. Dawa ninayoiona ikifanya kazi ni neno "kuanzia": kuanzia 35,000. Linampa mnunuzi kipimo cha mfuko wake na linamwachia muuzaji nafasi ya kujadiliana. Mbunifu anayeweza kukaa na mwenye duka wakakubaliana juu ya neno hilo moja amefanya kazi kubwa kuliko kuchagua rangi.

Kisha kuna picha. Picha mbaya haiokolewi na fonti wala fremu. Simu ya kawaida inatosha, ila ifutwe kioo cha kamera kwanza, maana nyingi zina mafuta ya vidole. Bidhaa iwekwe karibu na dirisha au mlangoni asubuhi, taa ya simu izimwe, nyuma yake kuwe na manila au shuka lisilo na maua. Keki ipigwe kabla haijafungwa kwenye boksi. Pilau ipigwe ikiwa kwenye sahani, kwa karibu, si sufuria nzima iliyo juu ya kigoda. Mtu wa vitenge akunje kitenge kionekane mkao wa ua lake, na apige na kingine kimevaliwa. Haya hayahitaji programu yoyote, na wabunifu wengi hawayafanyi kwa sababu wamezoea kukaa nyumbani wakisubiri kutumiwa picha. Nenda dukani. Ukiwa pale utasikia pia wateja wanauliza nini, na maswali yao ndiyo maneno ya posta zako za mwezi ujao.

Mambo ya kiufundi ni machache na hujifunzwa upesi. Instagram inapokea vizuri picha ya pikseli 1080 kwa 1350, stetasi ni 1080 kwa 1920, na tangu Januari 2025 ukurasa wa Instagram huonyesha picha kwa umbo refu badala ya mraba, kwa hiyo maneno yasibanwe pembeni. WhatsApp hubana picha hadi ikapoteza ukali. Mtumie mteja faili kama dokyumenti. Na mteja akisema achukue posta hiyohiyo akachapishe bango la mita moja, mkatalie kwa upole: pikseli 1080 zikitandazwa kwenye mita moja ni kama 27 kwa kila inchi, wakati mchapaji angependa 300 kwa kitu kinachosomwa mkononi. Atakachopata ni ukungu, na lawama zitarudi kwako.

Tuje kwenye fedha na heshima, maana hapa ndipo watu wazuri wanapovunjika moyo. Mteja wa kwanza wa karibu kila mbunifu ni ndugu, na ombi lake hujulikana: "Mdogo wangu, nifanyie katangazo ka Iddi, nitakutoa hela ya vocha." Kumkatalia shangazi si rahisi, wala sishauri. Mfanyie, lakini mwambie bei yake halisi kabla hujaanza, kisha umpunguzie. Akijua ni 10,000 na wewe umemfanyia 5,000, anajua amesaidiwa. Usipotaja, ataamini ni kitu cha hela ya vocha, na atawaambia hivyo watu wote anaokuunganisha nao.

Kwa wengine, kianzio ni nusu kabla ya kufungua programu, na nusu iliyobaki kabla ya kutuma faili safi. Mpaka hapo mteja aone nakala ndogo yenye jina lako limepita katikati. Marekebisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu lina malipo yake. Yote haya yaandikwe kwenye WhatsApp, sentensi nne au tano zinatosha, na mteja ajibu "sawa". Wengine huona aibu kuandikiana na mtu wanayefahamiana. Nimeona urafiki mwingi zaidi ukifa kwa deni lisiloandikwa kuliko kwa maandishi. Kitu kimoja cha kukataa moja kwa moja ni ahadi ya "nitakulipa nikiuza". Mwenye duka hamlipi fundi umeme wala mwenye nyumba kwa mtindo huo.

Pembeni ya maduka kuna soko jingine ambalo halisemwi vya kutosha, la kadi za mchango na mialiko ya harusi. Harusi ya Kitanzania ina kamati, mweka hazina, kitchen party, send-off na tarehe isiyosogezwa. Kamati inahitaji kadi ya kutuma kwenye simu, yenye jina la kila mchangiaji, na inaihitaji mapema kwa sababu mchango hauanzi kuingia kabla ya kadi kutoka. Fedha ipo, haraka ipo, na mwenye uamuzi ni mtu mmoja au wawili. Kwa anayeanza, miezi ya harusi inaweza kumbeba wakati akitafuta maduka yake ya kudumu.

Sheria hupuuzwa sana katika kazi hii, na wanaopuuza hawajui wanacheza na nini. Picha iliyopo Google ina mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na wanaodhani ni karatasi tu wakumbuke kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe wasanii AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa. Nembo nayo ina mtego wake. Canva inakuruhusu kumuuzia mteja tangazo ulilolitunga kwa vipande vyake, lakini mchoro uliochukuliwa kwenye hazina yake hauwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja, kwa kuwa maelfu ya wengine wana haki ya kuutumia. Mteja anayetarajia siku moja kusajili alama yake BRELA achorewe kwa mkono, au kwa maumbo na herufi za kawaida, na aelezwe kwa nini inagharimu zaidi ya posta.

Kubwa zaidi ni sura za watu. Saluni hupenda kuposti vichwa vya wateja, shule huposti watoto, baa huposti wanywaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wake alikipiga kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayetengeneza posta ya saluni amuulize mwenye saluni swali moja: huyu dada amekubali? Asipopata jibu, apige picha ya msuko kwa nyuma. Msuko utaonekana vizuri, na uso wa mtu utabaki wake.

Kodi nitaigusa kwa ufupi. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure na TRA, na mbunifu anayeanza kupata taasisi kama wateja aichukue mapema, kwa sababu taasisi hulipa kwa nyaraka. Kampuni inapomlipa mkazi kwa huduma hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Omba cheti cha makato hayo, maana ni fedha yako iliyokwisha kwenda serikalini, nayo huhesabiwa unapofanya mahesabu ya mwaka.

Hofu ya sasa ya wabunifu ni akili unde. Canva iliweka zana zake za akili unde chini ya jina Magic Studio Oktoba 2023, na tangu Machi 2025 ChatGPT imekuwa ikichora picha zenye maandishi yanayosomeka. Mwenye duka anaweza kuandika sentensi moja akaletewa posta kabla chai haijapoa. Sidhani ni busara kujifariji kwamba mashine haijui Kiswahili. Inakosea bado, lakini itajifunza. Tofauti iliyopo ni kwamba mashine huchora kitenge ambacho hakipo dukani. Huchora chipsi mayai zilizonona kuliko za kijiweni, na saluni yenye viti ambavyo mwenyewe hana. Mnunuzi aliyetuma fedha kutoka Dodoma akapokea kitenge kisichofanana na cha picha harudi, na atawaambia wenzake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mtandaoni hakuna msamaha. Kwa hiyo zana hizi zitumike kufuta usuli wa picha, kupanga maneno, kupata mawazo kumi kwa dakika moja. Bidhaa yenyewe ibaki ile iliyopo rafuni. Anayeuza mapambo matupu atabanwa na mashine, na huyo alishabanwa na violezo vya bure tangu zamani.

Hatari nyingine haiko mikononi mwa mbunifu kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6, na biashara nyingi hazikuwa na njia nyingine ya kuongea na mteja. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Tanzania, wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na oda mkononi hakuweza hata kumwambia mteja asubiri. Mtu mwenye ajira ya mchana huvumilia wiki ya namna hiyo. Aliyeacha kazi ili aishi kwa posta peke yake huumia, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaowahimiza vijana waache ajira mara wapatapo wateja wawili. Ibaki kazi ya pembeni mpaka miezi sita mfululizo ilipe kodi ya nyumba bila kukopa. Na kila mwenye duka ashauriwe kuandika namba za simu za wateja wake kwenye daftari la kawaida, maana wafuasi wa Instagram ni mali ya Instagram.

Nani basi aingie? Aingie mwenye saa mbili za uhakika jioni, anayeweza kuandika Kiswahili kisicho na makosa, asiyeona haya kutaja bei yake, na anayependa kuongea na wauzaji kuliko kukaa na rangi. Kipaji cha kuchora ni nyongeza nzuri, si sharti. Asiingie anayetafuta fedha ya wiki hii, kwa sababu mteja wa kudumu huchukua miezi kupatikana, wala anayeshindwa kutimiza ahadi ndogo. Mwenye duka husamehe posta isiyopendeza. Posta ya Iddi iliyofika siku mbili baada ya Iddi haisamehewi.

Ukiamua kuanza, usitangaze kwamba unatengeneza posta. Nenda kwenye duka ambalo wewe mwenyewe hununua, omba kupiga picha bidhaa tatu, zitengeneze, zipeleke zikiwa na bei na mahali pa kufika, kisha mwombe mwenye duka ajaribu wiki moja na ahesabu wangapi wamepiga simu. Ukirudi, taja bei ya mwezi na uombe nusu. Nawe mwenye duka unayesoma haya, kama kuna kijana aliyekutengenezea matangazo ya sikukuu iliyopita na bado unamdai uvumilivu, mtumie fedha yake leo.